Na, Au, Si

Julai, Punta Arenas. Saa kumi na moja jioni jua limeshakwenda zake,
upepo unalivuta bati la jirani kama mwenye deni nalo.
Chini kabisa ya hospitali, ubavuni mwa chumba cha kufulia,
ndipo nilipo, mimi Rosenda Marusić, mkutubi:
kompyuta mbili, birika moja, kiti kinacholalamika.
Wengi wanaoshuka hapa walikuwa wakitafuta shuka safi.

Daktari Oyarzún hakupotea. Ameruka ngazi mbili mbili,
kalamu imemvujia mfukoni.
"Nimetafuta," anasema, "nimepata makala elfu arobaini na moja."
Kijana, uliomba maji ya kunywa, umepewa mafuriko.
Kaa, nikamwambia. Tuanze upya.

Maneno yangu ya kazi ni matatu, hata mtoto anayajua:
na, au, si.
"Na" hubana: pumu na mwanamke na usiku.
"Au" hupanua: pumu, au kifua kubana, au pumzi yenye filimbi.
"Si" hufukuza, na hilo ndilo ninaloliogopa.
Ukiiambia mashine "si watoto" haibishi,
inamtoa na mama aliyetajwa sentensi moja na mwanawe.

Mgonjwa anakula nini?
"Kila kitu. Hata kaa, hajawahi kuwashwa."
Analala wapi?
"Chumba kikavu. Hana paka."
Anafanya kazi gani?

Akafunua faili. Umri upo, uzito upo, shinikizo la damu mara sita.
Kazi: mstari mtupu.

Akapanda. Akarudi polepole safari hii.
Nelda Barría, miaka thelathini na minne,
anachemsha kaa kiwandani, zamu ya alfajiri,
mvuke unampiga usoni hadi mchana.
Na kifua, kasema, ni kama amemeza kaa la moto.

Kaa.
Neno lenyewe tulikuwa tumelikalia.
Nikaandika: kaa au gamba au mvuke,
na pumu,
na kazi.
Maelfu yakamomonyoka. Zikabaki kumi na tisa,
nyingi kutoka bandari za baridi kama yetu,
ambako watu hufunga madirisha na kufungua masufuria.

Ya kumi na nne ndiyo tuliyoitaka, na ndiyo iliyofungwa:
dola arobaini na mbili kwa siku moja,
bei ya kukodi chumba, si ya kusoma kurasa saba.
Nikamwandikia Gunnvor, mkutubi wa Tromsø.
Hatujaonana hata siku moja. Kwao Julai jua halizami,
naye halali likiwa linamtazama.
Kurasa zikaja kabla birika halijachemka.

Jedwali la pili, wafanyakazi wamepangwa kwa namba, bila majina.
Mstari wa tisa: mwanamke, thelathini na mitatu, sehemu ya kuchemshia.
Aliacha kazi. Alipata nafuu.

Oyarzún akataka kukimbia nao juu.
Nikamshika mkono wa koti: soma kwanza walikuwa wangapi,
nani aliwapima, nani alilipia vipimo,
wangapi walitoweka kabla ya mwisho.
Akasoma, midomo ikicheza kama mwanafunzi wa darasa la pili.
Kisha akaniomba kalamu, ya kwake imekwisha kwenye koti.

Siku ya tatu Nelda akashuka mwenyewe,
akipumzika kila ngazi ya nne,
nakala mkononi, imekunjwa mara nne kama barua ya korti.
Akaweka kidole mstari wa tisa.
"Huyu," akauliza, "alipoacha, alikula nini?"

Nikamvutia kiti. Nikatafuta mbele yake.
Kaa na pumu na mshahara.
Kodi ya nyumba au watoto au deni.
Nikaondoa neno, nikarudisha neno,
nikajaribu hata miaka ya kabla sijazaliwa.
Sufuri. Nikamgeuzia kioo aione.

Akaitazama kwa muda, kama mtu anayesoma.

Nyuma yetu birika lilianza kuimba.
Nikainuka upesi, nikalizima,
mvuke usimfikie.